Sungura Alioachiwa Kiptanui

Kiptanui alipokuwa mtoto asiyejua kuhesabu zaidi ya vidole vyake, alimwona mtu akifika kwa baba yake amebeba ngozi ya ng'ombe begani. Mtu huyo alitoka Chebunyo kwa miguu, siku mbili njiani, na ngozi ilikuwa imekauka hata ikawa inalia kama mlango mbovu kila alipopiga hatua. Hakusalimu kwanza. Aliitandaza uani, akaonyesha mahali chui alipopitisha kucha, akasema, "Ile nyekundu uliyoniwekea imekufa. Hii hapa." Baba aliipapasa ngozi, akaitambua kwa alama ya sikio. Ndipo waliposalimiana, na mgeni akapewa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni.

Kiptanui alinisimulia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa sauti ileile ya chini, kana kwamba yule mtu bado yuko njiani naye hataki kumshtua.

Wakipsigis huwekeana ng'ombe, na desturi hiyo wanaiita kimanagan. Mtu hakai na ng'ombe wake wote boma moja. Huwagawa kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa ukija, au jicho la mtu mbaya, lisiwakute pamoja. Anayewekewa hunywa maziwa, lakini ndama ni wa mwenyewe. Hachinji, hatoi, wala hamwambii mtu yeyote ng'ombe wa nani wako kwake. Ng'ombe akifa, hupeleka ngozi. Asiye na ngozi ya kuonyesha ni mwizi, na jina hilo halifi naye, wanawe hulirithi.

Mimi nilimfahamu Kiptanui tangu mwaka wa 1970, alipoajiriwa kutunza wanyama katika maabara yetu ndogo ya mifugo. Maabara ilikuwa juu ya kilima, chai pande zote, kwenye njia ya kwenda Roret. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu, Mgusii niliyefuata kazi huko. Yeye alikuwa na miaka hamsini au zaidi kidogo, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye mashamba ya chai, akichuma. Mikono yake ilinuka majani mabichi hata siku ya Jumapili. Asubuhi ukungu ulipopanda kutoka bondeni, nyumba yetu ilifunikwa, paa likapotea, kuta zikapotea, na kitu cha kwanza kurudi ulimwenguni kilikuwa sauti yake akiongea na sungura.

Sungura walikuwa wa Daktari Yunia Gichana, binti wa kwetu Kisii aliyesomea mambo ya mifugo ng'ambo. Mwezi wa Februari 1972 aliwapeleka mmoja mmoja kwenye chumba chenye kuta nene, mahali palipokuwa na chombo cha kutoa mionzi. Wengine walipigwa kwa kipimo kikubwa, wengine cha kati, na wachache waliingizwa na kutolewa bila kuguswa, ili wawe wa kulinganisha. Mguu mmoja wa nyuma wa kila sungura ulifunikwa kwa bamba zito la risasi, uboho uliomo ubaki hai na kutengeneza damu upya. Mionzi haina sauti, haina harufu. Kiptanui alisema sungura walitoka mle kama watu waliotoka kanisani.

Wiki ya pili wakaanza kuhara na kukataa chakula. Kufikia mwisho wa Machi wale dhaifu walikuwa wamekufa. Waliobaki wakanyanyuka. Wakala, wakanenepa, na manyoya ya mgongoni yaliyokuwa yameanguka yakaota tena, safari hii meupe. Walibaki kumi na wawili, kila mmoja na nambari yake sikioni, na mtu asiyesoma daftari langu asingejua nani alipigwa kwa kipimo gani.

Mwezi wa Mei Daktari Yunia alipata nafasi ya kwenda ng'ambo tena kusoma, miezi minane. Siku ya kuondoka alikuja kwenye vizimba na koti lake la safari. Aling'oa konzi ya majani, akampa nambari tisa, jike mwenye mabaka meupe mawili mgongoni, kisha akasema akitazama saa, "Mzee, nakuachia hawa. Ni wangu. Nikirudi nitakuja kuwauliza kwako."

Kiptanui akasimama wima. "Kwangu? Si kwa ofisi?"

"Kwako, Mzee. Wewe ndiye unayewajua."

Gari lilipiga honi, akaenda. Kwake yalikuwa maneno ya kuaga tu, kama mtu anavyosema tutaonana. Kiptanui alibaki pale na ndoo mkononi.

"Karani," aliniambia, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Sijawahi kuwekewa na mwanamke."

"Ni sungura tu, Mzee."

"Hata ng'ombe ni mnyama tu," akajibu, akaenda kubadilisha maji.

Mwezi wa Juni Bwana Makori, aliyeshika nafasi ya mkuu wa maabara, aliamua kazi ile imekwisha. Siku tisini za kuwaangalia zilikuwa zimepita na zaidi. "Waliokufa wamekufa, waliopona wamepona," alisema, na kwa haki ya Mungu hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa katika maneno hayo. Vizimba vilihitajika kwa vifaranga wa chanjo. Sungura wauawe ifikapo Ijumaa.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Ulipoinuka tuliona vizimba vimeoshwa, bakuli za maji zimefunikwa kichwa chini zikauke, na ndani hamna mnyama. Kiptanui alikuwa anafagia.

"Mzee, sungura wako wapi?" Bwana Makori akauliza.

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Mahali walipo."

"Umewala?"

"Sijala."

"Umewapeleka sokoni Roret?"

"Sijapeleka."

"Sasa wewe mzee, nani alikupa ruhusa? Wale ni wa ofisi!"

"Mwenyewe hajarudi," Kiptanui akasema, akatazama dirishani kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha kwa jirani.

Ningeweza kusema neno pale. Sikusema, kwa sababu sikujua kitu, na nilichokisia sikukiandika. Bwana Makori hakuwa mtu mkatili. Alingoja wiki nzima, akitumaini mzee ataona aibu. Ndipo akaniambia niandike barua: Kiptanui akae nyumbani bila kazi mpaka aonyeshe sungura au akiri amewaiba, na Daktari mwenyewe akirudi, polisi waitwe. Neno hilo, *iba*, nililipiga taipu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza herufi zilipanda juu ya mstari.

Niliipeleka barua mwenyewe. Nyumba ya Kiptanui ilikuwa upande wa chini wa Roret, chai yake mwenyewe kidogo, mahindi, na ng'ombe watatu. Mkewe, Chepkirui, alinipokea mlangoni.

"Ingia, Karani. Umekuja kuona wake wenzangu?"

"Wake gani, Mama?"

"Mume wangu ameoa tena. Ameoa kumi na wawili siku moja, na hakuna hata mmoja anayelima. Wanalala mchana kama mabwana wa shamba."

Kiptanui alikohoa nyuma ya ghala. Nikazunguka. Kulikuwa na kibanda kipya cha fito, kimezibwa kwa majani, na kando yake vikapu viwili vya kuchumia chai. Alikuwa amewabeba usiku mmoja tu, safari mbili, kupita katikati ya mistari ya chai. Mmoja wao alipiga mguu chini, kama wanavyofanya wakishtuka, na mlio wake ukasikika kama moyo wa mtu mwingine.

Nikampa barua. Akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye lile neno nikapunguza sauti, lakini alilisikia.

"Mwambie Bwana Makori ulipowaweka," nilimsihi. "Au niruhusu mimi niseme."

"Ukiwekewa, husemi. Mwenyewe atakuja hapa, nitamwonyesha kumi na wawili, wazima au ngozi. Hapo jina langu litatoka kwenye hiyo karatasi. Njia nyingine haiko."

Chepkirui alikuwa amesimama nyuma yetu, amekunja mikono. "Mimi sina neno na jina lake. Nauliza kitu kimoja tu, Karani, wewe umesoma. Ule moto waliopigwa, hautarukia wajukuu wangu?"

Nilimjibu kama Daktari Yunia alivyonijibu mimi siku nilipoogopa. "Mtu aliyeungua jana hawezi kukuunguza leo, Mama. Kilichompata kimebaki ndani yake."

Akafikiri. "Kimebaki ndani yake," alirudia polepole. "Basi ni wageni. Watakaa."

Tangu siku hiyo nilikwenda kila Jumamosi na mizani ndogo ya mkono na daftari. Bwana Makori sikumwambia. Nilijiambia kuwa kazi yangu ni kumbukumbu, na kumbukumbu za sungura wale zilikuwa hazijafika mwisho.

Julai ulikuwa mwezi mzuri, mzuri kama ndoto inayokuja karibu na alfajiri. Mvua ilinyesha kila alasiri saa nane, ikakoma saa kumi, na mvuke ukatoka kwenye chai. Sungura walizidi uzito. Kiptanui aliwatoa kwenye majani, akakaa kwenye kigoda, na wao wakasogea kumzunguka bila sauti, mabaka meupe yakielea mgongoni mwao kama vipande vya ukungu vilivyosahau kupanda. Aliniambia ameota anapita njia ya Chebunyo na ng'ombe kumi na wawili wekundu, na mbele yake alikuwa yule mtu wa ngozi, naye hakuwa na ngozi begani, mikono mitupu, anacheka.

Katikati ya Agosti, maji yakaanza kuisha.

"Mama Kipsang," Kiptanui alimwuliza mkewe, "nani anamwaga maji ya wageni?"

"Hakuna anayemwaga. Wanakunywa. Wageni wako wana kiu ya mlevi."

Kibuyu kilichowatosha siku mbili sasa kilikauka kabla ya jua kupinda. Matandiko yao yalilowa daima. Nikaangalia daftari: nambari nne alikuwa amepungua, na nambari kumi na moja pia, kidogo tu, kila Jumamosi kidogo. Masikio yao, ukiyainua kwenye mwanga, hayakuwa tena na rangi ya damu. Nambari nne alikufa tarehe 26 Agosti, amekaa, macho wazi.

Kiptanui alimchuna polepole, akaiacha nambari ya sikioni. Aliponiletea figo nilishangaa. Figo ya sungura huwa nyororo, nyekundu iliyoiva. Hizi zilikuwa ndogo, zimepauka, ngumu, ngozi yake ina chembechembe, kama haragwe lililosahauliwa juu ya moshi. Nilizitia kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia, nikaandika nambari na tarehe. Nyama akaifukia mbali. Ngozi akaiwamba kwenye fito ndogo, akaitundika ukutani ndani.

Nambari kumi na moja alifuata wiki ya pili ya Septemba. Nambari mbili, mwisho wa mwezi huo.

Hapo Kiptanui akaanza kukonda pamoja nao. Alibadilisha majani. Alihamisha kibanda upande wa upepo. Alichota maji ya chemchemi nyingine, mbali. Alilaumu moshi wa jikoni, kisha jicho la jirani, kisha mkono wake mwenyewe. Watu wa Roret walikuwa wameshasikia habari ya vizimba vitupu, na akipita sokoni walimwita Mla Sungura. Mtu mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Mzee, supu yake ni kama ya kuku?" Watu wakacheka, na Kiptanui akanunua chumvi yake akaondoka.

"Wana haki," aliniambia. "Mtu anayewekewa, na wanyama wake wanaanguka mmoja mmoja hivi, ukimwuliza anakuonyesha ngozi. Ngozi, ngozi. Hata mimi ningesema huyu anachinja. Daktari ataniamini vipi?"

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nilibeba daftari kubwa la Februari. Tuliketi mlangoni. Mbele yetu bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe mpaka ukingoni, na vilele vya miti vilitoka juu yake kama vichwa vya watu wanaovuka mto. Nikamsomea.

"Nambari nne: kipimo kikubwa. Nambari kumi na moja: kikubwa. Nambari mbili: kikubwa."

Akanitazama.

"Nambari saba, huyu anayekunywa sana sasa?"

"Kipimo cha kati."

"Nambari moja, anayenenepa?"

"Hakupigwa. Wala tatu, wala sita, wala kumi. Hawa wanne hawakuguswa. Wanakula majani yaleyale, maji yaleyale, mkono uleule. Si wewe, Mzee. Ni ile siku ya Februari."

Kuku wa Chepkirui walipita, wakarudi.

"Lakini walipona," alisema mwishowe. "Nimewaona kwa macho yangu. Walipona."

"Damu ilipona. Figo hazikusema kitu wakati ule."

"Kwa hiyo waliletwa kwangu wakiwa wameshakufa," Kiptanui akasema, "ila walikuwa hawajaambiwa."

Niliandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa, mahali ambapo karani haruhusiwi kuandika.

"Bwana Makori alitaka wafe Juni," akaendelea. "Wangekufa Juni, nani angejua?"

"Hakuna. Tungeandika wamepona."

Akainuka, akaenda kumwagia nambari saba maji, na niliona mgongo wake umenyooka. "Basi Daktari lazima awaone wote," alisema akiwa mbali. "Mpaka yule wa mwisho."

Nambari saba alikufa Novemba, na nambari tano siku nne baadaye. Desemba, wawili. Walipangika vile daftari lilivyopanga, kipimo kikubwa kwanza, cha kati baadaye, kama watu wanaoitwa majina. Wale wanne wasioguswa walizaa katikati ya misiba hiyo bila kujali. Katika wale wanane akabaki mmoja, nambari tisa, aliyepewa majani siku ya kuaga. Macho yake yalianza kuingia weupe, kwanza kama pumzi kwenye kioo, kisha kabisa. Hakuona tena. Kiptanui alipoingia, alimgeuzia sikio.

Daktari Yunia alirudi katikati ya Januari 1973. Bwana Makori alimsimulia wizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, "Mzee Kiptanui anakaa wapi?" Nikasema njia naijua. Bwana Makori akasema naye anakuja, amwone huyo mtu usoni.

Tulimkuta Kiptanui amesimama uani na koti lake la kanisani, kwa maana Roret habari hutembea haraka kuliko gari. Hakutusalimu. Alimshika Daktari mkono kama mtu anayemwongoza kipofu, akampeleka ndani, kwenye ukuta.

"Uliniachia kumi na wawili," alisema. "Ngozi saba, hizi. Nambari ziko sikioni, tarehe ziko kwa Karani. Wazima watano, wako nje. Na watoto kumi na tisa."

"Watoto?" Daktari akauliza.

"Wamezaliwa kwangu. Ni wako. Hesabu."

Daktari Yunia alitaka kusema kitu, akaona uso wa yule mzee, akageukia ukuta. Alihesabu. Alipapasa kila ngozi, akasoma kila sikio kwa sauti. Alitoka akahesabu watano, kisha watoto, na mmoja alipomkimbia chini ya ghala alipiga magoti akamtoa, koti lake jipya likashika matope. Ndipo nilipomletea zile chupa saba na madaftari. Alikaa kwenye kigoda cha Kiptanui, akainua chupa moja moja kwenye jua, akasoma mpaka Chepkirui akaleta chai na chai ikapoa.

"Bwana Makori," alisema hatimaye, akitumia Kiswahili ili wote wasikie, "kuna wagonjwa wanatibiwa uvimbe kwa mionzi hii. Daktari humwona mgonjwa baada ya miezi mitatu, anamwona amenenepa, anamwambia nenda, umepona. Mimi nilitaka kujua kama ni kweli. Ningerudi nikakuta karatasi inasema ni kweli."

Bwana Makori alivua kofia yake, akaigeuzageuza mkononi. "Mzee," alisema, "si ungeniambia tu?"

"Wewe si mwenyewe," Kiptanui akajibu bila hasira.

"Ile barua nitaichana."

"Usichane. Andika nyingine, uiweke juu yake. Karani atakusaidia, ile ya kwanza neno moja lilimsumbua."

Hapo ndipo tulipocheka, na Chepkirui alicheka kutuzidi sote. Sasa Kiptanui akamsalimu Daktari Yunia kwa mikono miwili, na mursik ikatolewa. Kwa desturi, mwenye mali huacha jike mmoja kwa aliyemtunzia. Kisii nako watu huwekeana ng'ombe, na Daktari hakungoja kuambiwa. Alichagua jike kijana mwenye afya, akamweka mikononi mwa Chepkirui. "Huyu analima," alisema, maana nilikuwa nimemnong'oneza ule utani wa wake wenza.

Wale wengine walipakiwa garini. Alipofika kwa nambari tisa alisita. Sungura aligeuza sikio, macho yake meupe yakiwa wazi.

"Huyu hawezi safari," Daktari akasema. "Mzee..."

"Sema vizuri," Kiptanui akamwambia. "Safari hii sema ukijua."

Daktari Yunia aliweka madaftari chini. Kisha alichuma konzi ya majani, akamlisha jike yule, akasema wazi, mbele yetu watatu, "Nakuachia huyu. Ni wangu. Nitamwuliza kwako."

Kiptanui alirudi kazini Jumatatu. Kila asubuhi aliniambia habari za nambari tisa kabla ya kuniambia habari za nyumbani, nami niliandika: maji, uzito, pumzi.

Tarehe 11 Aprili mvua ndefu zilikuwa zimeanza, na ukungu haukupanda siku nzima. Tulikuwa ofisini, taa imewashwa mchana. Daktari Yunia aliinua kichwa kwanza. Nje, katikati ya weupe ule, kitu kilikuwa kinalia taratibu, kikakoma, kikalia tena kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mlango ukafunguliwa. Kiptanui aliingia, maji yakimtiririka, na begani mwake fito ndogo iliyowambwa ngozi, ndogo kama kitambaa cha mkono, yenye mabaka meupe mawili.

Hakusalimu. Aliiweka mezani mbele ya Daktari, akamwonyesha sikio.

"Ile uliyoniwekea," alisema, "imekufa. Hii hapa."

Daktari Yunia alivua miwani, akaipapasa ngozi kwa kiganja kizima, kutoka shingoni hadi mkiani, akasoma nambari. "Ni yeye," akasema.

Basi Kiptanui akatusalimu kwa mkono, kwanza Daktari, kisha mimi, na Daktari mwenyewe akaenda kuchemsha chai.